Pumzi Isiyoguswa na Baba

Asubuhi ile ya Jumatatu, kabla jua la Desemba halijapata nguvu ya kupanda kilima, jikoni kwa Malachy Geraghty kulinuka tope la ziwa.

Dervla, mkewe, alidhani ni viatu. Alivitazama pale mlangoni, vikavu. Akanusa ndoo, akanusa kitambaa cha kufutia meza, akanusa hata paka, na paka akaondoka kwa hasira. Ilikuwa harufu nzito, ya baridi, kama ya jiwe lililogeuzwa baada ya kulala majini miaka mingi. Ilikuja ikaondoka, ikaja ikaondoka. Mwishowe alitambua kwamba ilikuja kila Malachy alipotoa pumzi.

"Umekula nini wewe?" alimnong'oneza.

"Sijala kitu. Leo siku ya dawa, nile nini?"

Ni kweli. Siku ya dawa Malachy hakuonja hata chai mpaka kazi iishe. Kwenye benchi karibu na jiko la chuma alikuwa ameketi Breege Tansey, jirani yao wa ng'ambo ya bonde, amempakata mwanawe Cathal ndani ya blanketi. Kinywa cha mtoto kilikuwa kimejaa utando mweupe, ulimi kama uliopakwa maziwa mgando, na hakuweza kunyonya. Watu wa upande ule wa ziwa hawakuhangaika na chupa za daktari kwa ugonjwa kama huo. Malachy alizaliwa baba yake akiwa amekwisha kufa, hakuwahi kumwona, na mtu asiyewahi kumwona baba yake ana dawa katika pumzi yake. Humpulizia mtoto kinywani Jumatatu, Alhamisi, na Jumatatu inayofuata, basi, utando umekwisha. Hapakuwa na malipo. Hapakuwa na shukrani pia, kwa maana ukimshukuru mwenye dawa, dawa imeharibika.

Malachy aliinama, akakishika kidevu cha mtoto kwa kidole kimoja, akapuliza polepole. Cathal alishtuka, kisha akatulia kimya. Dervla alikuwa ameshika taa. Aliona matone kwenye midomo ya mtoto, na hayakuwa mate. Yalikuwa maji maangavu, na ndani ya tone moja palikuwa na chembe nyeusi ya tope. Aliyafuta upesi kwa aproni yake.

"Haya, we mwanaume usiye na faida," Breege alisema akisimama, "mimi naenda zangu. Na ujue moyoni mwangu sina hata punje ya shukrani."

"Nenda, mama mchoyo," Malachy alimjibu, "nisikuone tena mpaka Alhamisi."

Wakacheka wote. Alipofika langoni, Breege aliweka chupa ya jemu juu ya ukuta wa mawe, akaondoka kana kwamba ameisahau. Ndivyo walivyofanya siku zote.

Dervla aliinua macho ukutani, juu ya benchi. Pale palining'inia picha mpya, na kioo chake kilikuwa kimejaa ukungu, kama dirisha ambalo mtu amelihemea kwa karibu.

Picha hiyo aliileta yeye. Aliigundua katika baa moja mjini Sligo, ndani ya picha kubwa ya siku ya mnada wa ng'ombe, wanaume wamejipanga na fimbo zao. Mzee mmoja alimwonyesha wa mwisho mkono wa kushoto: "Yule ndiye Fintan Geraghty, baba mkwe wako ambaye hukumkuta." Dervla aliiazima picha, akaipeleka studio, wakaukata uso ule peke yake, wakaukuza, wakautia fremu. Jumamosi jioni alimkabidhi mumewe.

"Nina zawadi mbili," alimwambia, mkono juu ya tumbo lake. "Moja ya ukutani, moja ya tumboni."

Malachy alizililia zote mbili. Aliutazama uso wa baba yake muda mrefu: mashavu membamba, jicho moja dogo kuliko la pili. Hawakufanana hata kidogo. Malachy alikuwa mtoto wa mama yake mtupu, uso wa mviringo, nywele nyekundu, kishimo katikati ya kidevu. Na binti yao Una, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa, alifanana na babaye kama shilingi kwa ya pili. Watu wakimwona kanisani walisema, "Malachy, umejizaa mwenyewe."

Adhuhuri ya Jumatatu hiyo Attracta, mama yake Malachy, alivuka ua kutoka kijumba chake kuja kunywa chai. Aliingia akisema juu ya baridi. Aliiona picha.

"Nani kaileta hii?"

"Mimi, mama. Ni zawadi ya—"

"Kamwona?"

"Nani?"

"Mwanangu, Dervla! Malachy kamwona huyu?"

"Lakini mama, si alikufa kabla? Malachy alizaliwa hajamwona, dawa ikawa yake, yameisha. Hii ni picha tu."

"Picha tu." Attracta alikaa kwenye benchi. "Wewe unadhani kwa nini nyumba hii haina picha yake hata moja? Unadhani sikumpenda? Nilizichoma zote ndani ya jiko hilo hilo, hata ya harusi yetu, tumbo likiwa hapa." Alionyesha kwa mkono. "Alikuwa akitoka mnadani, akakata njia juu ya ziwa lililoganda. Barafu ikampasukia. Ziwa halikumrudisha mpaka leo. Mtu aliyekufa maji, mwanangu, hana anachokitaka ila pumzi, na wa kumwendea ni mwanawe. Lakini mwana asipomwona, hana mlango wa kuingilia. Dawa ya Malachy ndiyo hiyo, haina uchawi mwingine. Ni pumzi ambayo baba yake hajaigusa." Akamtazama mkwewe bila hasira, na hilo lilimwumiza Dervla kuliko matusi. "Sasa kaigusa."

Aliitoa picha msumarini, akafungua mlango wa jiko, akaitia ndani na fremu yake. Iliungua kwa moshi wa kijani. Lakini jioni, pale ukutani palipokuwa na picha, chini ya msumari, palitoka unyevu, na Dervla alipoufuta ulirudi.

Siku mbili zilizofuata walijifanya watu wenye kazi nyingi. Malachy alibeba mboji kavu ya kuwashia jiko kutoka bandani, akalisha ng'ombe, akapiga mluzi ili asisikie. Dervla alipika viazi, akaoka mkate, akafua nepi ambazo hazikukauka. Lakini giza la Desemba huingia mapema, chai ya jioni hunywewa taa ikiwa imewashwa, na kila taa ilipowashwa Dervla alisikia ndani ya kifua cha mumewe, katikati ya maneno ya kawaida kabisa juu ya bei ya ndama na paa linalovuja, sauti ndogo ya kitu kikivuta hewa kupitia unyasi chini ya maji, kikivuta na kuvuta, wala hakitoi. Na sakafuni, kutoka mlangoni hadi kwenye kitanda cha Una, palikuwa na nyayo mbichi za miguu myembamba, zilizokwenda na hazikurudi.

Alhamisi Breege alikuja. Alikuja peke yake, kichwa wazi kwenye mvua, koti limefungwa vifungo vya kupishana.

"Cathal amefariki," alisema akiwa bado mlangoni. "Leo alfajiri."

Malachy alimwendea mlangoni.

"Mdomo ulikuwa safi, Malachy. Utando wote ulitoka, kinywa chake kilikuwa chekundu kizuri kama waridi. Nikasema ndani ya nafsi yangu, dawa imeshika. Nikamwinua nimnyonyeshe, maji yakamtoka. Maji mengi. Yalilowesha godoro. Daktari anasema nimonia, lakini mimi niliyaona. Yalikuwa na majani." Alimshika Malachy mkono kwa mikono yake yote miwili. "Sikukushukuru. Naapa kwa Mama Maria. Nimejichunguza tangu alfajiri, labda moyoni nilisema asante bila kujua. Sikusema. Niambie sikusema."

"Hukusema, Breege," Malachy alisema. Na alipolitamka jina lake, mwanamke yule alirudi nyuma hatua, akanusa hewa, akatazama kinywa chake. Kisha akageuka akaenda, na hakuacha kitu juu ya ukuta.

Jioni ile ile Dervla alipotaka kumnyonyesha Una, mtoto aligeuza uso. Alimsogeza kwenye taa. Ulimi wake ulikuwa mweupe.

"Nilimbusu," Malachy alisema. "Kila asubuhi, tangu Jumamosi. Nilimbusu kama siku zote."

Tangu saa ile alijifunga skafu mdomoni, akaifunga kwa fundo nyuma ya kichwa, akaenda kulala bandani pamoja na mboji. Dervla alimpelekea viazi akaviacha kizingitini. Daktari alikuja na gari lake, akampa Una matone ya zambarau, akasema utando huu ni kitu kidogo, watoto hupona. Padri alikuja na maji ya baraka. Mshumaa wake ulizimika mara alipolikaribia kitanda, akaulaumu upepo, akauwasha, ukazimika tena, akasema sala zilizobaki kwa haraka na akakataa chai. Attracta mwenyewe alikuwa na dawa yake, kwani alikuwa Geraghty aliyeolewa na Geraghty, na mkate kutoka mkononi mwa mwanamke wa namna hiyo hutuliza kifaduro. Aliumega, akauloweka, akamtia mjukuu wake kinywani. Una aliutema. Ulitoka umelowa zaidi ya ulivyoingia.

Na Jumatatu ikafika.

Hapakuwa na upepo. Nje theluji nyembamba ilikuwa imekamata majani, na ziwa, chini kule mwisho wa konde, lilikuwa limeganda kutoka ukingo hadi ukingo. Una alikuwa amebadilika rangi. Kila pumzi yake ilikuja kwa mbali, ikigugumia, kama mtu anayemimina maji kutoka chupa yenye shingo nyembamba. Dervla alipiga magoti upande mmoja wa kitanda, Attracta upande mwingine, na mlango ukafunguka, Malachy akaingia na skafu yake usoni, akasimama ghafla.

"Yupo," alisema kupitia kitambaa. "Kichwani pa kitanda. Hammwoni?"

Dervla hakumwona mtu, lakini aliona sakafu ya jiwe ikigeuka nyeusi kwa unyevu, polepole, mpaka unyevu ukawa na umbo la nyayo mbili zilizoelekea kwa mtoto, na aliona ukingo wa blanketi ukididimia kama unapoegemewa na mkono, na nywele nyekundu za Una zikisogea kidogo, zikavutika kuelekea juu, kuelekea mahali pasipokuwa na kitu, kama nywele za mtu aliyelala mbele ya mdomo unaovuta hewa, na ile sauti ya unyasi chini ya maji aliyoizoea kifuani mwa mumewe sasa ilikuwa imetoka kifuani mwake, ilikuwa chumbani, juu ya uso wa mtoto, ikivuta.

"Fintan," Attracta alisema. Sauti yake ilikuwa ya msichana. "Fintan wangu, huyo ni mjukuu wako. Nilikuombea misa kila mwaka. Ulitaka nini zaidi?"

Maji yalidondoka kwenye blanketi. Tone, kisha tone.

"Si Una anayemtaka, mama," Malachy alisema. "Anapitia kwake kwa sababu mimi nimefunga mlango." Akaanza kulifungua fundo la skafu.

Attracta alimrukia, akamshika mkono wa koti. "Hapana. Nilikuficha kwake maisha yako yote. Nilichoma uso wa mume wangu kwa ajili yako, sasa hata mimi siukumbuki. Huendi."

"Najua, mama."

"Basi kaa!"

"Msikilize mtoto."

Wakamsikiliza. Pumzi moja ilitoka. Walingoja nyingine, wakangoja, na ilipokuja ilikuwa ndogo kama kuguswa na unyoya.

Malachy alimtazama mkewe. Dervla alijua kwamba mkono wake ungeweza kuinuka, kwamba angeweza kumshika upande wa pili wa koti, na wanawake wawili wangemshinda. Alimtazama Una. Mkono haukuinuka.

Skafu ilianguka. Uso wake ulikuwa umenyolewa. Kule bandani, kwa maji ya baridi, alikuwa amejinyoa, na sabuni yake ya kunyolea ilinukia lozi kama asubuhi ya harusi yao. Aliinama, akaweka kiganja juu ya tumbo la Dervla, ambalo bado lilikuwa bapa. Dervla alifungua mdomo.

"Malachy. Asan—"

Akamwekea kidole. "Usiseme," alisema, na karibu atabasamu. "Dawa itaharibika."

Akatoka. Dirishani walimwona akishuka konde, bila kofia, bila haraka. Nyayo zake zilibaki nyeusi kwenye theluji, na kando ya nyayo zake, hatua kwa hatua, zilijichora nyayo nyingine, nyembamba. Attracta aliondoka dirishani, akajifunika kichwa kwa aproni. Dervla alibaki. Alimwona akifika ukingoni, akikanyaga barafu, akienda kama mtu anayekata njia kurudi nyumbani, mpaka akawa mdogo, mpaka ukungu ukamla. Kisha ilikuja sauti, moja, ndefu, ya kitu kikubwa kikipasuka.

Nyuma yake Una alikohoa. Alitapika maji meusi, akavuta pumzi, akalia kwa hasira ya mtoto mwenye njaa. Kinywa chake kilikuwa chekundu, safi, kama waridi.

Ziwa halikumrudisha Malachy.

Majira ya kuchipua yalipokuja na tumbo la Dervla likaonekana chini ya koti, watu walianza kuacha vitu juu ya ukuta wa mawe. Mayai ya bata. Siagi. Chupa za jemu. Hakuna aliyegonga mlango, lakini wanawake wenye watoto wachanga walipokutana naye kanisani walitazama tumbo kwanza, kisha uso, na mmoja alimwuliza taratibu, "Atazaliwa mwezi gani, Dervla? Nauliza tu." Alitaka kumpiga. Alimjibu.

"Lazima tuchome," Attracta alisema siku moja. Alikuwa amekuja na sanduku la picha za Malachy. "Zote. Mtoto huyu asije akamwona. Si kwa ajili ya dawa. Dawa na ipotee. Unajua kwa nini."

Dervla alijua. Walikaa mbele ya jiko mchana kutwa. Waliichoma picha ya komunyo ya kwanza, ya timu ya mpira, ya Malachy na fahali aliyeshinda kwenye maonyesho. Ya harusi Dervla aliishika mpaka Attracta akamfungua vidole kimoja kimoja, kwa upole wa mtu aliyekwisha kufunguliwa vyake. Uso ulijikunja, ukawa kahawia, ukawa kijivu, ukaanguka.

"Imekwisha," Dervla alisema. "Hakuna nyingine."

 Attracta alikuwa anatazama sakafuni. Pale kwenye mkeka Una alikuwa ameketi, mwanga wa moto umemwangukia: uso wa mviringo, nywele nyekundu, kishimo katikati ya kidevu. Aliinua kichwa akawachekea, na alicheka upande mmoja kwanza, kama alivyocheka Malachy.

Moto ukaanza kushuka.

"Dada yangu wa Boston," Attracta alisema hatimaye, "hakujaliwa mtoto."

"Hapana."

"Kabla huyo wa tumboni hajazaliwa, Dervla. Kabla hajafumbua macho akauona uso huu."

"Malachy alikufa ili huyu abaki. Unasikia, mama? Ili abaki hapa."

"Nasikia."

Dervla alimwinua binti yake, akamkumbatia, akauficha ule uso shingoni mwake. Tumboni mtoto aligeuka, mzito, kama samaki anayegeuka kwenye maji ya kina. Na hapo ndipo aliposikia harufu. Tope la ziwa, baridi, zito, na ndani yake, nyembamba kama uzi, sabuni ya kunyolea inayonukia lozi.

Chini ya msumari, ukutani, tone moja la maji lilikuwa linashuka taratibu. Una aligeuka mikononi mwa mama yake. Alilitazama lile tone, kisha akatazama juu zaidi, kimo cha mtu aliyesimama, akanyoosha mikono yote miwili, kama alivyoinyoosha kila asubuhi alipotaka kubusiwa.